Miguu ya Paka Aliyelala



Katika mwalo wa Kibirizi, jua linapopanda na dagaa wakiwa wamekwisha kuanikwa vichanjani na mchangani, hulala viumbe wawili waliokesha usiku kucha: mvuvi aliyekuwa ziwani na taa zake, na paka aliyekuwa nchi kavu akivizia panya. Mvuvi akilala, twapita kwa kunyata na kuwanyamazisha watoto, maana twajua alikotoka. Paka akilala, twamruka, twamfagia pamoja na taka, au twampiga teke. Juma hili tungependa kumtafakari huyu wa pili, na hasa kuitazama miguu yake. Kwa kuwa tunaamini miguu hiyo inasema jambo juu yetu sisi tunaoishi naye, na jambo lenyewe si dogo.

Kwanza tuseme tusilolikusudia. Hatutaki kuongeza ishara nyingine juu ya zile nyingi tulizo nazo. Jicho likicheza, twangoja mgeni au msiba. Bundi akilia, twaulizana nani atakufa. Paka mweusi akikatiza njia usiku, wapo wanaorudi walikotoka; na paka akitikisa vidole usingizini, hakosi mtu wa kusema kwamba ametumwa. Maoni yetu ni kwamba kwa namna hiyo tunatafuta habari pasipo na habari, huku tukiipita ile iliyo wazi mbele ya macho yetu.

Je, habari hiyo ni ipi? Paka hulala kwa muda wa saa 12 hadi 16 katika kila siku moja. Sehemu kubwa ya muda huo si usingizi mzito, bali ni wa mang'amung'amu: macho yamefumbwa, lakini masikio yanageuka kufuata kila mlio. Ndivyo alivyoumbwa. Ukoo wake ni wa paka-mwitu wa Afrika, ambaye hata leo anaishi katika nchi yetu. Naye ni mwindaji mdogo ambaye mwenyewe huwindwa. Mnyama wa namna hiyo hawezi kulala ovyo. Kila anapojilaza hupima kwanza hatari, na kipimo chake tunaweza kukisoma miguuni.

Akiikunja miguu ya mbele chini ya kifua, nyayo zimegeukia ndani, anatunza joto la mwili wake, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, naye ametulia. Maana kwa mkao huo hawezi kuruka mara moja. Lakini nyayo zote nne zikiwa zimekanyaga chini, mabega yameinuka na kichwa hakikuegemea kitu, huyo ni mlinzi kuliko kuwa mlalaji. Amefumba macho tu. Miguu yake imekwisha kuanza safari. Akilala ubavu na kuinyosha miguu, au akilala chali nyayo zikitazama dari, ameuweka wazi mwili wake wote, pamoja na tumbo, ambalo ndilo udhaifu wake mkubwa. Ni kweli kwamba joto la mchana wa Kigoma nalo humfanya ajinyoshe, kwa kuwa nyayo ni miongoni mwa sehemu chache zinazotoa jasho katika mwili wa paka. Hata hivyo, paka mwenye hofu hatalala chali mahali anapopigwa, hata jua liwe kali namna gani.

Upo tena mkao wa nne, nao ndio unaotusumbua zaidi moyoni. Paka amejikunyata siku nzima, mgongo umepinda, miguu ameibana chini ya mwili, kichwa kimeinama, wala hataki kula. Huyo mara nyingi hapumziki; anaumwa. Paka hupenda kuficha maumivu yake, na kwa sababu halii, sisi husema amelala tu. Tumpeleke kwa daktari wa mifugo, au tumwulize afisa mifugo aliye karibu. Tusimpe dawa zetu za maumivu. Parasetamoli, ambayo kwetu ni dawa ya kila siku, humwua paka hata kwa kiasi kidogo.

Na ile miguu inayocheza usingizini je? Hapa sayansi imetusaidia sana. Mwaka 1959, huko Lyon nchini Ufaransa, mtafiti Michel Jouvet alieleza aina ya usingizi aliyoiona kwa paka, ambayo ubongo hufanya kazi karibu kama wa aliye macho, macho hukimbia chini ya kope, lakini misuli ya mwili imelegea kabisa. Baadaye yeye na wenzake waliharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo wa baadhi ya paka, ile inayoilegeza misuli. Paka wale, wakiwa bado usingizini, waliinuka, wakanyata na kurukia mawindo yasiyokuwapo. Ujuzi huo ulipatikana kwa gharama ya wanyama wale, nasi hatuna haja ya kulificha hilo. Ila tangu hapo tumeelewa kwamba vidole vinavyotikisika na sharubu zinazocheza ni sehemu ndogo tu ya mwendo ambao mwili umezuiwa kuutimiza. Si pepo, wala si mjumbe wa mtu. Ni mwindaji anayelala.

Tuwafundishe watoto wetu wasimguse paka aliye katika hali hiyo, kwani akishtuka anaweza kuparura au kuuma kabla hajajua ni nani aliyemgusa. Na paka akimwuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja. Maana kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zikisha kutokea ni nadra mno mtu kupona. Vilevile tutofautishe ndoto na kifafa. Katika ndoto miguu hutikisika kidogo kidogo, bila mpangilio, na paka akiitwa huamka. Katika kifafa mwili hukakamaa, miguu yote hupiga kwa nguvu, mate au mkojo humtoka, naye haitiki.

Tunajua wapo watakaouliza: Je, watu wana njaa, nanyi mwazungumza habari za paka? Swali hilo ni la haki, na Kibirizi ni la haki zaidi. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, mwalo huu wote uliguswa: mvuvi, mama mwanika dagaa, mpagazi na muuza chai. Hatumtaki mtu mwenye sufuria tupu amnunulie paka nyama. Lakini kutompiga hakugharimu hata senti moja. Kutomwekea sumu kwenye kichwa cha samaki hakuhitaji fedha, bali kunaziokoa. Kwa kuwa paka huyo ndiye anayezilinda nyavu na magunia yetu dhidi ya panya. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kuwafukuza ndege waharibifu shambani. Walitufundisha kwamba aliye wa nyumbani hatendewi kama mharibifu. Nayo Katekisimu, katika namba 2418, yatuambia kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Tuangalie vema: hadhi inayotajwa pale ni yetu.

Hapo ndipo tunapoliona jambo lenyewe. Mkono uliozoea kumpiga asiyeweza kushtaki hauishii kwa paka. Katika nyumba ambayo paka hulala nyayo zikiwa chini, tayari kukimbia, tuulize kwa upole: na mtoto wa marehemu dada yetu, tuliyemchukua mwaka jana, analalaje? Na binti wa kazi, je, hushtuka mlango unapofunguliwa? Na bibi mzee anayejikunyata mkekani mchana kutwa, tukisema kwamba amechoka tu, tumemwuliza kama anaumwa? Wote hao wana ulimi, na bado wengi wao hawasemi, kwa sababu wamejifunza kwamba kusema hakuwasaidii. Mwili wao ndio husema, kama usemavyo mwili wa paka, naye atakayeusoma ni yule tu aliyekubali kutulia na kutazama.

Basi juma hili tunawaomba zoezi moja lisilo na gharama. Mchana mmoja, kazi zikipungua, mtazame paka wa nyumba yako akiwa amelala. Usimwamshe wala usimguse. Tazama nyayo zake zimekaaje. Ukiziona zimeachiwa huru, shukuru, na uendelee kumlinda. Ukiziona zimekanyaga sakafu, usimlaumu paka. Anza kwa kupunguza kelele na mateke, mwachie kona moja ambayo hakuna atakayemfukuza, kisha ungoje. Hatabadilika kwa siku moja, maana aliyepigwa mara nyingi huchelewa kuamini. Na unapongoja, zunguka nyumba yako yote kwa jicho hilohilo.

Tunawatakia nyote juma jema.