Hasara ya Marufuku ya Vitabu Humwangukia Mnyonge

Wako watu wanaoamini kwamba kitabu kikishapigwa marufuku, kazi imekwisha na taifa limesalimika. Imani hiyo ni ya raha, maana mwenye kuishika haulizwi gharama yake. Anayeilipa gharama hiyo hayumo katika ofisi zinazotoa amri. Yuko Konde, kaskazini ya Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, ambako mwanafunzi akikosa kitabu skulini kwake hana budi kupanda gari kuifuata maktaba ya umma Chake Chake, kwa nauli ya mzazi anayengojea msimu wa karafuu.

Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule za Tanzania Bara, kwa hoja kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili. Hapana mzazi mwenye akili zake atakayekataa mtoto wake achaguliwe vya kusoma. Kuchagua ndiyo kazi ya mwalimu na mkutubi, nao wamesomeshwa kwa fedha za wananchi ili waifanye. Lakini orodha ile iliweka kapu moja vitabu vya elimu ya jinsia na mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, visa vya kuchekesha vya mtoto mtundu wa shule, hata msomaji akabaki kujiuliza ni kosa gani linaloviunganisha.

Amri ile haikuvuka bahari, kwa kuwa elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano. Hilo lisiwe faraja kwa mtu wa Visiwani. Zanzibar nayo ilijitungia sheria yake, Namba 5 ya 1988, ya kusajili mawakala wa habari, magazeti na vitabu, na ni chini ya sheria hiyo gazeti la Dira lilifungiwa Novemba 2003. Bara, Sheria ya Magazeti ya 1976 ilifutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Lakini uwezo wa kuzuia chapisho lisiingizwe nchini ulisalia, safari hii mikononi mwa Waziri, kwa hiari yake.

Hasara iliyo kubwa haimo katika vitabu vinavyotajwa. Imo katika vile visivyotajwa. Mkutubi asiyejua mpaka wa sheria uko wapi huuweka mwenyewe, na huuweka mbali, kwa usalama wa mshahara wake. Haagizi kitabu cha historia chenye ubishi. Msaada wa vitabu ukija, hutoa vyenye majina yasiyo ya kawaida na kuvifungia stoo. Hakuna waraka uliomwamuru, kwa hiyo hakuna atakayeulizwa. Mwalimu naye hujifunza haraka kwamba anayefundisha kitabu cha kiada peke yake hasumbuliwi na mkaguzi. Baadaye wakubwa hukaa semina kulalamika kuwa vijana hawana mazoea ya kusoma!

Wala mwenye nacho hazuiliki. Kitabu cha Hamza Njozi juu ya mauaji ya Mwembechai, kilichotoka mwaka 2000, kilipigwa marufuku nchini. Kikaendelea kusomwa hata hivyo, na mwenye simu na fedha za kuingia katika intaneti hukipata. Aliyefungiwa mlango ni yule ambaye maktaba ya umma ndiyo simu yake na ndiyo duka lake la vitabu. Tena kitabu kisomwacho kwa kificho hakipati mwalimu wa kukijibu, wala msomi wa kuonyesha palipokosewa.

Nchi hii ina sababu ya pekee ya kuliona jambo hili. Makaburu wa Afrika Kusini walikuwa na sheria zilizozuia hata kunukuu maneno ya mtu aliyepigwa marufuku. Vijana waliokimbia utawala huo walipokewa Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, na huko wakasoma yale waliyonyimwa kwao. Ardhi ile ilitolewa na Watanzania. Nani alisema wakati ule kwamba vitabu hivyo vitawaharibu?

Kisha upo mgongano wa sheria zenyewe. Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa mwaka 1967, na Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya 1975 ikaipa Bodi kazi ya kupokea na kuhifadhi nakala za machapisho ya nchi. Serikali haiwezi kumwambia mkutubi huyo huyo ahifadhi kwa mkono mmoja na afiche kwa mkono wa pili.

Bunge na Baraza la Wawakilishi yanao uwezo wa kuliweka sawa jambo hili. Kila marufuku itangazwe katika Gazeti la Serikali pamoja na sababu zake kwa kila kitabu. Iwe na muda wa kwisha. Ipitie kwanza mbele ya kamati wanamokaa wakutubi na walimu wa madarasani, si maofisa peke yao. Na mwandishi apewe nafasi ya kukata rufani. Nakala moja ibaki maktaba kwa ajili ya watafiti. Na waraka wa kwanza wa utaratibu huo upelekwe hadi skuli za Micheweni, uwataje bayana vitabu vilivyozuiliwa, ili vingine vyote vitolewe stoo.