MAONI: Kiti cha pikipiki kinatengenezwa kwa ajili ya nani?

Mashini ya kushona chini ya bati, roli la skai, kisu kirefu, kopo la gundi ya washona viatu na rundo la viti vilivyovuliwa ngozi. Kazi ya kutengeneza upya viti vya pikipiki haihitaji vitu vingi kuliko hivyo, na ndiyo maana inafanyika nyumbani, ndani ya malupango, katika miji mingi ya mashariki mwa Kongo. Motari anafika asubuhi na kiti kilichochakaa; jioni anarudi kazini na kiti kipya, kirefu zaidi, chenye rangi alizochagua mwenyewe. Ni kazi ya heshima. Lakini kuna swali moja ambalo wamotari, mafundi na wenye pikipiki hawaulizani vya kutosha: kiti hicho kinatengenezwa ili kumlinda anayekikalia, au ili kupata nafasi ya abiria mmoja zaidi?

Pikipiki za TVS na Bajaj zinazobeba watu wengi katika miji hii ni za kampuni za India. Kiti chake kilipimwa kwa watu wawili: dereva na abiria mmoja. Huku kwetu dereva anakikalia kuanzia alfajiri hadi usiku, juu ya mawe. Sehemu ya mji wa Goma imesimama juu ya lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo mwaka 2002. Kwenye barabara za kwenda vijijini ni mashimo wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Kila shimo linaanzia kwenye mpira na kuishia kwenye uti wa mgongo wa dereva. Mtikisiko wa siku nzima, mwaka baada ya mwaka, ni moja ya sababu zinazojulikana za maumivu ya kiuno kwa madereva. Kwa hiyo motari anayetafuta kiti bora hatafuti anasa. Anatafuta namna ya kuendelea kufanya kazi akifika miaka 45.

Kiti bora kinaweza kutengenezwa nyumbani, na fundi anayejua kazi yake anajua ugumu uko wapi. Hauko kwenye skai inayoonekana, uko chini yake. Kwanza ni kitako cha kiti, ile sehemu ngumu ya plastiki au bati inayobeba kila kitu. Mbele kina ulimi unaoingia chini ya tangi la mafuta, nyuma kinafungwa na bolti, na chini yake kuna vipande vya mpira vinavyokifanya kitulie juu ya fremu. Vipande hivyo vikipotea, uzito wote unasukuma mahali pamoja na kitako kinapasuka. Ni vitu vya bei ndogo, lakini fundi asiyeviangalia atakuwa amepamba kiti kilichokwisha kufa.

Pili ni sponji. Hapa ndipo motari anadanganywa mara nyingi, hata pasipo nia mbaya. Sponji ya magodoro ya bei nafuu ni nyororo mkononi, lakini mtu mzima akikaa nusu saa inalala, na makalio yanagusa kitako. Sponji inayofaa kiti inahitaji uzito wa kilo 50 au zaidi kwa kila mita ya ujazo. Ile ya magodoro mepesi mara nyingi haifikii nusu yake. Kipimo cha motari ni rahisi: aweke goti juu ya sponji kabla haijafunikwa na alalie uzito wake wote. Akisikia ugumu wa chini, aikatae. Kisha umbo. Mahali pa dereva panatakiwa kuwa sawa, si kuteremka kuelekea tangi, la sivyo kila akishika breki anateleza mbele. Nyuma pawe papana ili mifupa ya makalio ipate pa kukaa, mbele pawe pembamba ili miguu ifike chini bila taabu.

Tatu ni maji. Kila tundu la sindano ni mlango wa mvua. Sponji iliyonywa maji inakuwa nzito, inaoza, na kama kitako ni cha bati, kinashika kutu. Fundi mwangalifu anatandika karatasi ya plastiki kati ya sponji na skai, na anaweka mishono pembeni badala ya katikati ambapo mtu anakaa. Kisha anavuta skai mbele na nyuma kwanza, ndipo anafuata pande mbili, kidogo kidogo, ili isikunjamane. Kazi hiyo inakula saa nyingi, na inastahili kulipwa kama kazi ya fundi, si kama fadhila ya jirani.

Ufundi huu huu unageuka hatari pale kiti kinaporefushwa. Mipaka ya kiti haiamuliwi na urefu wa skai, inaamuliwa na ekseli ya gurudumu la nyuma. Abiria aliyekaa nyuma ya ekseli hiyo anakuwa kama mtoto aliyekaa mwishoni mwa mbembea: anashuka yeye, upande wa pili unapanda. Gurudumu la mbele linapungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mlima, palepale ambapo dereva anahitaji kuongoza vizuri, pikipiki haimsikii. Na milima haikosekani Bukavu wala Butembo. Huko nyuma pia hakuna pa kukanyaga wala fremu ya kushika kitako. Mara nyingi anayekalia hapo ni mama mwenye mtoto mgongoni au mwanafunzi, na hakuna aliyemweleza kwamba amekaa juu ya mbao iliyoning'inia.

Wamotari wana jibu lao, na si la kupuuzwa. Wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kila jioni mwenye pikipiki anasubiri malipo yake, mvua inyeshe au isinyeshe. Abiria wa pili ndiye anayeleta chakula cha nyumbani. Wanasema pia kwamba kila amri mpya inakuwa sababu mpya ya kusimamishwa na kutozwa pesa barabarani. Ni kweli pia kwamba Sheria ya Barabara, namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, iliandikwa wakati pikipiki za abiria hazijawa riziki ya vijana wengi kama leo.

Lakini jibu hilo halimwondolei mzigo mwenye pikipiki. Yeye analipia mafuta ya injini na mipira kwa sababu anajua bila hivyo mali yake inaharibika. Kiti kiwekwe kwenye hesabu hiyo hiyo. Motari anayelazimika kukaa nyumbani wiki nzima kwa sababu ya kiuno halipi chochote jioni. Na pikipiki iliyoanguka mlimani na watu wanne haina faida kwa yeyote.

Suluhisho halihitaji kusubiri Kinshasa. Vyama vya wamotari vinaweza kukubaliana kanuni moja inayopimika kwa jicho: hakuna mahali pa kukalia nyuma ya ekseli. Mtu wa chama aikague kwenye kituo, pikipiki ikiwa imesimama, ili isigeuke biashara ya barabarani. INPP, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1964 kufundisha kazi za mikono, ingefaa kuwapa mafundi hawa mafunzo mafupi na cheti, kama wanavyopewa wenye kazi nyingine. Na fundi mwenyewe ana haki ya kusema hapana kwa mteja anayetaka kiti cha watu wanne, kwa sababu kosa likitokea, ni mkono wake uliokishona.

Goma ilijenga sanamu ya chukudu, chombo cha mbao kilichobuniwa na watu wa kawaida kubeba mizigo ya mji mzima. Eneo hili linajua thamani ya kitu kinachotengenezwa na mikono ya nyumbani. Linachotakiwa sasa ni kuipa mikono hiyo kazi ya kulinda migongo, na kuiondolea kazi ya kuongeza abiria mahali ambapo pikipiki haiwezi kumbeba.