Njia za Miguu Nazo Ziandikwe

Watu wakisikia jina la Rubavu hufikiri ziwa, mchanga wa ufuoni na mahoteli. Ni wachache wanaofikiri njia za miguu. Walakini njia hizo ndizo zimpelekazo mtoto shuleni, mama sokoni, mgonjwa kwenye kituo cha afya na mkulima shambani kwake. Nataka kuzitetea katika ukurasa huu, kwa maana naona zinapungua mwaka hata mwaka, wala hakuna azililiaye.

Yafaa kwanza tuitazame ile iliyo maarufu. Mjini kwetu ndipo ianzapo njia ambayo wageni huijua kwa jina la Congo Nile Trail. Jina hilo limetokana na mgongo wa milima unaoyagawa maji ya nchi yetu. Mvua inyeshayo upande wa magharibi wa mgongo huo huingia Ziwa Kivu, hushuka kwa mto Rusizi mpaka Tanganyika, na mwisho hufika mto Kongo. Ile inyeshayo upande wa mashariki huenda kwa Nyabarongo na Akagera mpaka Ziwa Viktoria, kisha mto Nile. Njia yenyewe ina urefu wa kilomita 227. Hutoka Rubavu, hupita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, hata kufika Rusizi. Aendaye kwa miguu huimaliza kwa siku kumi hivi, na mwenye baiskeli kwa siku tano.

Mgeni hupanda ndege na kuvuka bahari ili aje kuitembea njia hii na kuona mashamba ya kahawa ya Kinunu na visiwa vya Kivu. Lakini uliza darasani ni wangapi kati yetu walioitembea hata kwa siku moja tu, nawe utaihesabu mikono upesi sana. Tusisahau tena kwamba vipande vingi vya njia hiyo havikuchimbwa kwa ajili ya watalii. Vilikuwa njia za wavuvi, wakulima na wachuuzi, ndipo vikaunganishwa na kuwekewa vibao. Basi, ikiwa njia ya babu zetu inamfaa mtu wa mbali, itakuwaje isitufae sisi?

Shida niionayo ni hii. Kati ya 2009 na 2013 serikali iliandikisha mashamba na viwanja vya nchi nzima, zaidi ya milioni 10. Kazi hiyo ilikuwa njema: ilitia nuru katika mipaka, na wanawake wengi wakaona majina yao katika hati za ardhi. Lakini shamba lina hati na mwenyewe wa kulisemea, hali njia ndogo ipitayo kando yake mara nyingi haina wa kuisemea. Mwaka huu jembe huimega kidogo, mwaka ujao hupandwa maharagwe, na mwaka wa tatu huwekwa ua. Katika kilima kimoja nikijuacho, njia ya kwenda bombani imezibwa kwa namna hiyohiyo. Watoto wenye madumu ya maji huzunguka sasa kwa barabara ya magari, na malori huwapita ubavuni.

Wengine watasema, "Njia za nini, nasi tuna barabara ya lami ifuatayo ziwa mpaka Rusizi?" Sipingi barabara; imetuletea faida nyingi. Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulifurika, na mafuriko pamoja na maporomoko ya milima yakaua watu zaidi ya 130 katika nchi, wengi wao katika jimbo letu la Magharibi. Barabara kadhaa zilikatika. Siku kama hiyo gari halisaidii kitu. Amfikiaye jirani yake ni yule aijuaye njia ya juu ya kilima. Vivyo hivyo Mei 22, 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walikimbilia kwetu usiku, wengi wao kwa miguu.

Tutazame kidogo nchi nyingine. Uingereza ni nchi ya reli na magari, lakini vijiji vyake vimezungukwa na njia za miguu zilizolindwa kwa sheria. Hazikulindwa bure. Aprili 24, 1932, vijana mamia kadhaa, wengi wao wafanya kazi wa mjini Manchester, walipanda mlima Kinder Scout ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga, na watano kati yao walitiwa gerezani. Miaka ikapita, na katika 1949 Bunge lilipitisha sheria iliyoziagiza halmashauri za wilaya zikague njia zote za umma na kuzichora katika ramani. Leo Uingereza na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia kama hizo. Tena sheria ya 1990 yasema kwamba mkulima akilima juu ya njia ikatayo katikati ya shamba ili apande mbegu, anapewa siku 14 kuirudisha kama ilivyokuwa. Ile ipitayo pembeni mwa shamba haruhusiwi kuilima kabisa. Nionavyo mimi, hekima hiyo si ya Wazungu peke yao. Ni ya kila mtu mwenye jirani.

Najua jibu litakalotolewa: nchi yetu ni ndogo, watu ni wengi, na kila shubiri ya udongo ni chakula. Neno hilo ni zito, wala halifai kupuuzwa. Lakini tupige hesabu. Njia yenye upana wa mita 1 na urefu wa kilomita 1 hula mita za mraba 1,000, yaani sehemu ya kumi ya hekta. Tukiipitisha mipakani mwa mashamba, kila mmoja hupoteza kidogo sana, na kilima kizima hupata. Nyasi zikipandwa kingoni, njia hiyo husaidia kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua.

Basi tufanye nini? Natoa mashauri matatu. Kwanza, kila mwanafunzi arudipo nyumbani likizo aandike njia za kijiji chake: jina lake, ianziapo, iishiapo, watu waipitao huenda wapi, na mahali ilipozibwa. Karatasi hizo zikusanywe shuleni na kupelekwa kwa viongozi wa kata. Pili, tuombe kwamba baadhi ya kazi za umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ziwe za kufyeka njia na kutengeneza madaraja ya miti. Sisi tuliotimiza miaka 18 tunapaswa kuwapo hata hivyo. Afadhali tuwe na neno la kusema. Tatu, kila muhula shule iwe na matembezi ya siku moja katika sehemu ya njia yetu kubwa, pamoja na mwalimu. Mji wetu upo mpakani tena karibu na volkeno, kwa hiyo matembezi yafuate maagizo ya wakuu, wala asiwepo wa kujitia ushujaa.

Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji daftari, kalamu, jembe na miguu. Najua wenzangu wengine huona kwenda kwa miguu ni dalili ya umaskini, nao huita pikipiki hata kwa safari ya dakika kumi. Mimi nasema umaskini hasa ni kuishi chini ya kilima miaka mitatu bila kujua njia ya kukipanda. Likizo i karibu, ndugu zangu. Kila mmoja aje na karatasi yake, ili mwakani mkuu wa kijiji akiulizwa njia ya bomba ilipita wapi, awe na mahali pa kutazama.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita