Steringi Apewe Sifa Zake, Lakini Mniachie Oti

KUTOKA RAUNDI
Na Barasa Muthoka

Nairobi Half Life ni filamu ya Oti. Nilisema hivyo juzi kwa kinyozi hapa Kariobangi North, upande mmoja wa kichwa changu ukiwa umenyolewa na mwingine bado, naye akazima mashine ili anijibu vizuri. "Mzee, steringi hafi," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara ya Outering. Oti anauawa, Mwas anabaki hai. Basi filamu ni ya Mwas na kesi imekwisha.

Sikumlaumu. Sheria hiyo ndiyo iliyotulea huku Eastlands. Mabanda ya video yalikuwa na mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni na runinga moja iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha chuma, na humo ndimo tulimojifunza kwamba duniani kuna watu wa aina mbili: steringi, yaani shujaa wa filamu, na maadui. Steringi hupigwa, hutekwa, huuliwa ndugu, lakini hafi. Rambo alikuwa hivyo, Commando alikuwa hivyo, na Jackie Chan vilevile. Baadaye DJ Afro akaja na kipaza sauti chake akatusimulia yote hayo kwa Kiswahili cha mtaani, akiwabandika Wachina na Wamarekani majina ya kwetu na kuwatilia utani ambao waandishi wa filamu hizo hawakuuwaza kamwe. Mpaka leo ukipita kwenye kibanda chochote cha chipsi utaisikia sauti yake kabla hujaiona picha. Huyo bwana anastahili safu yake mwenyewe, nami nitamwandikia siku moja. Leo nina kesi na steringi.

Majuma haya nimejifungia na filamu za nyumbani tu. Kijana wa duka la muvi karibu na stendi alinijazia flashi kwa shilingi hamsini, akashangaa kwamba mtu mzima hataki kitu chochote cha Wakorea. Zipo nilizowahi kuziona na zipo nilizoziona mara ya kwanza. Jambo moja limenikaa kichwani katika zote: tunampigia makofi mtu wa mbele, na kazi inafanywa na mtu wa pili.

Tuanze na hiyo Nairobi Half Life ya mwaka 2012, aliyoiongoza David "Tosh" Gitonga. Joseph Wairimu ndiye Mwas, kijana wa mashambani anayeuza DVD huku akiwaigizia wateja vipande vya filamu, kisha anaingia Nairobi akitafuta kuwa mwigizaji na mji unamvua kila kitu siku hiyohiyo. Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huohuo, na filamu yenyewe ikawa ya kwanza kutoka Kenya kupelekwa kushindania Oscar ya lugha za kigeni. Tuzo ile ilimfaa. Mtu anayeweza kulazimishwa kusafisha choo cha seli, akaigeuza kazi hiyo kuwa mchezo hadi mahabusu wakamshangilia, si mwigizaji wa kubahatisha.

Lakini hebu tuitazame kazi aliyopewa. Mwas ni mwigizaji ndani ya hadithi. Anapozidisha, tunasema ndivyo alivyo, anapenda kuigiza. Macho yakitoka sana, ni Mwas. Mikono ikiruka sana, ni Mwas. Wairimu ana mahali pa kujificha. Olwenya Maina, aliyemwigiza Oti, hakuwa napo. Oti ni kiongozi wa genge, mwizi wa vioo na taa za magari, na hana ruhusa ya kuonekana anaigiza hata kidogo. Akizidisha kidogo tu, anageuka jambazi wa vichekesho vya Jumapili jioni. Maina akaamua kumpa uchovu. Oti anatembea kama mtu aliyelala vibaya. Anaangalia pembeni kabla ya kuongea. Anaweza kukuchekea na kukutisha kwa sentensi moja, na hujui ni lini kicheko kilikwisha. Mimi nimeishi na watu kama hao kwenye ploti moja, tukagombania kamba ya kuanikia nguo, na nawaambia Maina aliwajua.

Tena kuna suala la Amina. Nancy Wanjiku Karanja anamwigiza huyo mwanamke wa Oti ambaye Mwas anampenda. Kila mara hao watatu wakiwa pamoja, mtazame Oti. Anajua? Hajui? Maina hakuambii. Katika filamu za DJ Afro adui angekunja uso na muziki ukapanda. Hapa hakuna muziki unaokusaidia, unabaki na uso wake tu, na unaanza kumwogopea Mwas bila kuambiwa uogope. Hiyo kwangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika filamu ile.

Olwenya Maina alifariki mwaka 2022. Watu mtaani walipoisikia habari hiyo walimtaja kwa jina la Oti, na wengine walilijua jina lake halisi siku hiyo kwa mara ya kwanza, miaka kumi baada ya kumtazama.

Kuna mwingine katika filamu hiyohiyo: Mugambi Nthiga, aliyemwigiza Cedric, yule mwigizaji wa jukwaani mwenye Kiingereza kilichonyooshwa pasi. Tulimcheka. Baadaye akawa miongoni mwa walioiandika Supa Modo, kisha akaongoza Lusala mwaka 2019. Kumbe tuliyemcheka alikuwa anajifunza kazi.

Sasa hiyo Supa Modo. Likarion Wainaina aliiongoza, ikaonyeshwa Berlin Februari 2018, na mwaka huohuo Kenya ikaichagua kuipeleka Oscar. Sitawadanganya, nilikwepa kuitazama kwa muda mrefu kwa sababu nilikuwa nimesikia habari yake: msichana wa miaka tisa, Jo, mgonjwa asiye na matumaini, anapenda filamu za mashujaa wanaoruka angani, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Nilidhani ni kilio cha saa nzima na nusu. Kilio kipo, lakini kicheko ni kingi kuliko nilivyotarajia. Stycie Waweru ni mtoto wa ajabu, hana ile tabia ya watoto wa matangazo ya sabuni. Na hapa steringi anakufa, tena tunajua tangu mwanzo kwamba atakufa. Kinyozi wangu angetaka arudishiwe pesa.

Niliyemtazama mimi ni mama. Marrianne Nungo anamwigiza Kathryn, mkunga anayepokea watoto wa wenzake huku wake mwenyewe akimponyoka. Filamu inaanza akimtoa Jo hospitalini kumrudisha nyumbani, na sote tunaelewa maana yake. Mwigizaji mwingine angelia katika dakika ya tano. Nungo hataki. Anapika, anakemea, anapanga dawa, anamzuia mtoto asitoke, na unamwona ni mkali mpaka unamchukia. Kisha binti yake mkubwa, Mwix, anayeigizwa na Nyawara Ndambia, anaanza kumwambia Jo kwamba ana nguvu za ajabu, na nyumba inagawanyika: mmoja anataka mtoto aishi kwa kupumzika, mwingine anataka aishi kwa kucheza. Wote wana haki. Mzozo huo wa mama na binti ndio filamu yenyewe, mtoto amekaa katikati yake. Waliokwishauguza mtu nyumbani watanielewa. Anayeugua anapendwa na kila mtu, na wanaouguza wanagombana jikoni kwa sauti ya chini.

Siwezi kumwacha Johnson Gitau Chege, anayemwigiza Mike, mwonyesha filamu wa kijiji. Ukiwahi kukaa katika banda la video utamtambua mara moja: mwenye maneno mengi, mwenye roho nzuri, anayeamini kabisa kwamba bila yeye sinema isingekuwapo duniani.

Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku hapa nchini mwaka 2018, kisha Septemba hiyo Mahakama Kuu ikairuhusu kuonyeshwa kwa siku saba tu, na watu wakapanga foleni mjini. Mabishano yalikuwa juu ya mapenzi ya wasichana wawili, na uigizaji ukasahauliwa na pande zote mbili. Samantha Mugatsia, aliyekuwa Kena, mmoja wa wasichana hao, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule FESPACO mwaka 2019, na ni halali yake. Lakini anayeushika mtaa wa filamu ile mkononi ni Muthoni Gathecha akiwa Mama Atim, mwenye kibanda. Anaweka chakula mezani, anafuta mikono, na katika muda huo mfupi amekwishajua nani kaja na nani, kwa nini, na atamwambia nani kwanza. Hatari yote ya filamu ile haitoki polisi wala kanisani. Inaanzia kwake, kwenye sufuria. Kila ploti ya Kariobangi ina Mama Atim, na mimi mwenyewe namsalimia wa kwetu kwa heshima zote kila asubuhi, maana napenda amani.

Watu Wote nitaigusa tu, kwani ni fupi, dakika ishirini na kitu. Ni filamu ya mwaka 2017 ya Katja Benrath, Mjerumani aliyekuwa mwanafunzi, juu ya lile basi lililovamiwa Mandera Desemba 2015 na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Ilifika hadi kuteuliwa kwa Oscar. Adelyne Wairimu yupo mbele, lakini hadithi yenyewe haikubali steringi, maana basi zima ndilo lililosimama. Waigizaji wake wameelewa hilo. Hakuna anayemsukuma mwenzake ili aonekane.

Linganisheni na Disconnect ya 2018, ambayo Tosh huyohuyo wa Nairobi Half Life alishiriki kuiongoza. Brenda Wairimu na Nick Mutuma wanajua kazi yao, picha ni safi, vichekesho vipo. Lakini kila anayeingia ni steringi. Kila mtu ni mzuri, kila mtu ana kazi nzuri na nyumba yenye roshani, na hakuna mtu wa pili wa kuutia mchezo uzito. Nilicheka, nikazima, na kufikia kesho yake jioni nilikuwa nimewasahau wote. Naona filamu nyingi za Nairobi za siku hizi zinafuata njia hiyo. Watengenezaji wake wanatafuta nyuso za mabango, na yule mama wa kibanda anapewa neno moja: karibu.

Wazee wetu wa runingani hawakuwa na ugonjwa huu. Vitimbi ya KBC ilikaa miaka mingi kwa sababu haikumtegemea mtu mmoja. Marehemu Mzee Ojwang alikuwa mfalme, ndiyo, lakini mchukue Mama Kayai umtoe pale uone kama kuna kichekesho kitakachobaki. Nusu ya vicheko vyetu ilitoka kwenye uso wa Mama Kayai akisubiri uongo wa mumewe ufike mwisho.

Na kwa wale wanaodhani nafasi ya pili ni ya kufuta jasho, nawakumbusha usiku wa Machi 2, 2014. Lupita Nyong'o alipanda jukwaani Hollywood akachukua Oscar kwa kumwigiza Patsey katika 12 Years a Slave. Tuzo ile ilikuwa ya mwigizaji msaidizi wa kike. Steringi wa filamu hiyo, Chiwetel Ejiofor, alirudi nyumbani bila sanamu. Miaka minane kabla ya hapo Rachel Weisz alikuwa amechukua tuzo hiyohiyo kwa The Constant Gardener, filamu iliyopigwa picha Kibera. Oscar mbili za uigizaji zenye harufu ya Kenya, na zote mbili ni za mtu wa pili. Kinyozi wangu nilipomwambia hayo alinyamaza kidogo, akaendelea kuninyoa.

Kwa hiyo nina ombi, na haliendi kwa serikali wala kwa waamuzi wa tuzo za Kalasha, ingawa nao wangefanya vyema kulisikia. Linawaendea vijana wa maduka ya muvi, kuanzia Raundi ya Kariobangi mpaka Dandora. Nakala niliyojaziwa ya Nairobi Half Life inakatika mara tu hadithi inapokwisha. Majina hayapo. Nilipomuuliza kijana akasema hakuna anayeyasoma, na yanajaza flashi bure. Ndugu yangu, majina ni dakika chache tu, hayamalizi flashi ya mtu. Humo ndimo tungemsoma Olwenya Maina angali hai. Tafadhali yaacheni.