Bima ya Nyumba Si Mali ya Benki

Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka kuta. Michango ilikusanywa nchi nzima. Januari 2017, Rais Magufuli aliwaeleza wananchi wa Bukoba, bila kumung'unya maneno, kwamba serikali haiwezi kumjengea kila mtu nyumba. Wengi walikasirika. Kwa maoni yangu kauli ile ilibeba ukweli mchungu, ila iliachwa nusu: kama si serikali, ni nani?

Katika nchi nyingi jibu huwa ni bima. Kwetu, mtu huikatia gari bima kwa kuwa trafiki atamsimamisha barabarani. Nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi, tofali baada ya tofali, haina askari wa kuiulizia. Anayeiulizia ni benki, pale nyumba inapowekwa dhamana, nayo huuliza kwa maslahi yake. Mkopaji hukatwa ada, hati hubaki kwenye jalada la benki, na fidia ikitoka benki hutangulia kupokea. Nimezungumza na watumishi wa umma wenye shahada mbili wasiojua kama bima wanayoilipia inalinda nyumba, au ni ile ya kumaliza deni iwapo mkopaji atafariki. Hizo ni bima mbili tofauti kabisa.

Asiyesoma hati yake hajui alichonunua. Msingi wa mikataba hii ni moto na radi. Tetemeko, mafuriko na wizi mara nyingi ni nyongeza, ambazo sharti uziombe na kuzilipia. Mkazi wa Kagera mwenye bima ya moto pekee ana karatasi tu mbele ya tetemeko.

Kisha kuna thamani, na hapa ndipo wengi huumia. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kulijenga upya jengo, kiwanja hakiungui. Anayejumuisha bei ya kiwanja cha Mikocheni analipa ada ya bure. Lakini anayeishusha thamani ili aokoe ada hujidhuru zaidi. Tuseme nyumba itagharimu shilingi milioni 100 kuijenga upya, nawe umeiandikisha kwa milioni 50. Moto ukiteketeza jiko na kuleta hasara ya milioni 20, kampuni yaweza kukulipa milioni 10 tu, kwa hoja kwamba nusu nyingine ya hatari uliamua kuibeba mwenyewe. Huo si wizi. Ni kanuni ya uwiano, na imo katika hati.

Basi ada ipunguzwe kwa njia halali. Kubali kubeba mwenyewe hasara ndogondogo, kioo kilichovunjika au bomba lililopasuka, ili kampuni ibebe ile inayofilisi. Fundi umeme mwenye leseni akague nyaya, kisha uulize kama vizima moto na mlinzi vinakupa punguzo. Linganisha bei za kampuni kadhaa, moja kwa moja au kupitia dalali aliyesajiliwa na TIRA. Benki ikikutajia kampuni moja tu, iombe kwa maandishi ikueleze ni kifungu gani cha mkataba wa mkopo kinachokunyima hiari. (Utashangaa jinsi barua inavyolainisha ulimi wa ofisa mikopo.)

Hata hivyo, lawama yote haiwezi kumwangukia mwananchi. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, lakini hati nyingi za bima bado zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, zikimfunga mtu ambaye shauri lake litasikilizwa kwa Kiswahili. TIRA ina wajibu wa kumlinda mteja. Iamuru kila hati ya bima ya nyumba itolewe kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza ukitaja majanga yasiyolipwa, na nakala akabidhiwe mwenye nyumba hata kama nyumba iko rehani.