Safari ya Karate Japani: Nani Aende?

Imeingia miongoni mwa vijana wetu wa Tabora, hata huku Ipole kwenye njia panda ya Mpanda na Rungwa, shauku ya kulipia safari za mafunzo ya karate nchini Japani. Wazazi wanatuuliza: je, inafaa kuuza asali ya msimu mzima, au kukopa kwa kutarajia tumbaku, ili kijana akakae wiki mbili Okinawa?

Kuujenga mwili na kujilinda ni jambo jema, na hilo hatuna haja ya kulirefusha. Suala ni safari. Wanachuoni wa hadithi, ambao rihla zao ni mashuhuri, waliwausia wanafunzi wao wamalize kwanza elimu iliyoko kwa masheikh wa mji wao, kisha ndipo wafunge safari. Ajabu ni kwamba mabingwa wa Okinawa nao walifuata mwendo huohuo. Chojun Miyagi, mwasisi wa mtindo wa Goju-ryu, alipovuka bahari kwenda Fuzhou, China, mwaka 1915, alikuwa amekwisha kujifunza zaidi ya miaka 10 kwa mwalimu wake Kanryo Higaonna, papo hapo kwao. Hakwenda kuanzia alifu.

Basi kijana mwenye miezi sita ya mazoezi atavuna nini? Atasahihishwa mkao wa miguu na pumzi, na nusu yake ataisahau kabla hajafika Tabora. Atarudi na picha, na pengine cheti. Nacho cheti kina mipaka: vyama vya karate ni vingi, na mkanda uliotolewa na kimoja haukilazimishi kingine kuutambua. Anayeota Olimpiki naye afahamu kwamba karate ilichezwa Tokyo mwaka 2021, na Paris mwaka 2024 haikuwemo.

Mwalimu ni habari nyingine. Katika miaka ya 1970, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alifundisha Goju-ryu katika Shule ya Zanaki, Dar es Salaam, na wanafunzi wake wakawa walimu. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha judo katika miaka ya 1990. Wengi waliofaidika na watu hawa wawili hawajapata kupanda ndege.

Liko pia suala la kuinama. Katika kumbi nyingi za mazoezi wanafunzi huinama kuelekea mbele, ambako mara nyingi hutundikwa picha ya mwasisi. Wenyeji huiona kuwa ni adabu tu. Kwetu sisi rukuu na sijda ni za Mwenyezi Mungu peke yake. Mgeni hawezi kuwapangia watu desturi nyumbani mwao, kwa hiyo ayaulize haya kabla hajatoa hata senti.

Rai yetu ni kwamba jamaa wanaotaka kuchanga, wamchangie mwalimu mmoja aliyekwisha kufundisha kwa miaka, aahidi mbele ya mashahidi kwamba akirudi atawafundisha vijana wa Sikonge na Ipole. Wanaoanza, nauli ya kwenda kwa mwalimu wa Tabora mjini inawatosha kwa sasa.