Homoni Si Orodha ya Majina

Katika maandalio ya somo tunayoyakagua wakati wa mazoezi ya kufundisha, mada ya homoni huandikwa kwa namna moja: jina la tezi kushoto, jina la homoni kulia, kisha wanafunzi wakariri. Adrenali hutoa adrenalini, basi. Twaona kwamba njia hii haifai, wala hasara yake haiishii kwenye mtihani.

Tezi za adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo. Sehemu ya ndani ndiyo itoayo adrenalini, ile iupigishao moyo mbio mtoto akutanapo na nyoka njiani. Ganda la nje hutoa kotisoli, aldosteroni na homoni za jamii ya androjeni. Mwanachuo hufundishwa kwamba ganda hilo hutii amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Seli zake hupokea pia protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji, nyingine zikitoka kwa seli jirani, nyingine zikiletwa na damu. Kimojawapo, ambacho umbo lake lafanana na insulini, huzifanya seli za adrenali ya binadamu ziitikie amri ya pituitari kwa nguvu zaidi na kutoa homoni nyingi zaidi. Kingine, kiitwacho TGF-beta, hupunguza utoaji huo. Jina la ukuaji lisitudanganye.

Mwalimu aliye hapa Kambarage, mjini Shinyanga, hahitaji mfano wa mbali. Mvua ni moja, ila shamba la pamba lililotiwa samadi na lile lisilotiwa hayatoi mavuno sawa. Pituitari ni mvua. Vichocheo ni hali ya udongo. (Samadi mbichi ikizidi huunguza miche, jambo ambalo mtoto wa mkulima atalitaja mwenyewe, na hapo mwalimu amepata TGF-beta yake.) Zana nayo haina gharama kubwa: mwombe mchinjaji akuachie figo la mbuzi pamoja na mafuta yanayolizunguka. Tafuta tezi ndogo iliyo karibu na figo, upande wa kichwa, uikate katikati. Darasa zima litaona tabaka mbili.

Lakini yako wapi manufaa kwa mwalimu wa shule ya msingi? Yako mbele yake, madawatini. Kwa watoto wengi, kati ya umri wa miaka 6 na 8, ganda la adrenali huanza kuongeza androjeni. Baadaye jasho la kwapa hubadilika harufu, chunusi huweza kutokea na nywele za mwilini huanza kuota. Hayo si baleghe. Baleghe huanzishwa kwa njia nyingine, pituitari inapoziamsha ovari au korodani. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo humcheka mtoto wa darasa la tatu kwa harufu yake, au husema mbele ya wenzake kwamba huyu sasa ni mkubwa. Katika mkoa wetu, ambao kwa miaka mingi umetajwa miongoni mwa mikoa yenye ndoa nyingi za utotoni, neno hilo si la mzaha. Likimfikia mzazi aliyekwisha kuhesabu ng'ombe wa mahari, limepewa muhuri wa mwalimu.

Liko na suala la chakula. Kile kichocheo kifananacho na insulini hutengenezwa zaidi na ini, nacho hupungua katika damu ya mtoto mwenye njaa. Mtoto aliyeshinda na michembe mikavu, au aliyetumwa kuponda mawe katika machimbo madogo ya Geita bila kula, hawezi kuelezwa kwa jedwali la tezi na homoni.

Kwa hiyo, katika maandalio yajayo, kabla ya safu ya majina tungependa kusoma swali hili: seli hii inasikia nini, na kutoka kwa nani? Habari ya jasho, maji na sabuni ielezwe kwa darasa zima, pasipo kumnyoshea mtoto yeyote kidole.